Chembe za filamu hazimwagwi juu ya picha

Mpiga picha Mbrazili Sebastião Salgado alipoweka kando filamu mwaka 2008 na kushika kamera ya dijitali, alikuwa katikati ya Genesis, mradi mkubwa uliomchukua miaka minane. Hakuhama kwa mapenzi. Baada ya Septemba 2001 mashine za eksirei za viwanja vya ndege zilimchosha. Msafiri mwenye begi la mikanda ya filamu hupitishwa kwenye mashine hizo mara nyingi katika safari moja, na filamu yenye kasi kubwa, yaani inayonasa mwanga upesi, hudhurika kidogo kila inapopita. Akaamua inatosha. Tatizo ni kwamba sehemu ya kwanza ya mradi ilikuwa tayari kwenye filamu, ina chembe zake, vile vidoa vidogo vinavyoonekana kwenye picha ya filamu, na sehemu iliyobaki ingetoka kwenye kihisi, kipande kinachonasa mwanga ndani ya kamera ya dijitali, laini kama kioo. Kitabu ni kimoja na ukuta wa maonyesho ni mmoja. Basi faili zikapitishwa kwenye programu ya DxO FilmPack, zikapewa chembe za Tri-X, filamu ya Kodak aliyoizoea. Kisha kutokana na faili hizo zikatengenezwa negativi halisi, ili picha zichapwe kwenye karatasi ya fedha ndani ya chumba cha giza.

Ni rahisi kuucheka mzunguko huo: umekimbia filamu, ukaiga filamu, ukarudi kwenye filamu. Mimi sicheki. Salgado, aliyefariki Paris Mei 2025, na ambaye wengi wetu huku tulimjua kwa picha za wakimbizi wa Rwanda katika kambi ya Benaco, Ngara, mwaka 1994, alikuwa na sababu inayoeleweka: mtazamaji asikwazwe anapotoka picha moja kwenda nyingine. Zaidi ya hapo, alijua chembe alizokuwa anaziiga ni za filamu gani, zimekuzwa kiasi gani, zitachapwa kwa ukubwa gani. Ukimwondoa yeye na wachache wa aina yake, wengi wetu tunaozitia chembe picha zetu hatuna hata jibu moja kati ya hayo. Tunavuta kitelezi cha programu mpaka picha "iwe na hisia", tunapakia, tunasubiri pongezi.

Hoja yangu ni hii. Chembe si kitu kilichokuwa juu ya picha. Ndizo zilizoijenga. Anayetaka kuziiga kwenye kompyuta hana budi kuanza na mwanga na vipimo, na programu nyingi zinamruhusu aanze na pambo.

Filamu ya nyeusi na nyeupe ni ukanda wa plastiki uliopakwa jelatini, na ndani ya jelatini zimetawanyika fuwele za halaidi ya fedha. Fuwele iliyopata mwanga wa kutosha hugeuzwa na dawa ya kusafishia kuwa fedha halisi, nyeusi. Ambayo haikupata huyeyushwa na dawa inayofuata ikaondoka. Hakuna fuwele inayobaki kijivu. Kijivu cha shavu la mtu ni hesabu tu: hapa fuwele nyingi zimegeuka, pale chache, na jicho likaziunganisha. Ukiziondoa chembe zote kwenye negativi ya Tri-X hupati picha safi zaidi. Unapata plastiki tupu. Filamu ya rangi ina hatua ya ziada, kwa sababu fedha yenyewe huondolewa na kuachia vijiwingu vya rangi katika tabaka tatu, lakini msingi ni ule ule.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo vitelezi vingi vinapopotea. Fremu ya 35mm ina upana wa milimita 36. Ukiiskani kwa pikseli 6000 kwa upana, sawa na picha ya kamera ya megapikseli 24, kila pikseli inafunika mikromita 6. Fuwele ya kawaida ni ya mikromita moja hivi, kwa nyingi ni chini ya hapo. Kwa hiyo ndani ya pikseli moja zinaenea fuwele makumi, tena zimepandana. Huko hatuzioni fuwele zenyewe. Tunaona kutosawazika kwa mgawanyo wao, vikundi vilivyojazana mahali na kupungua mahali, bila mpangilio na bila mpaka wa mraba. Mwaka 1935 E. W. H. Selwyn, mtafiti wa Kodak, aliandika kanuni inayotumika mpaka leo: ukipima weusi wa filamu kupitia tundu dogo, mtikisiko wa vipimo, yaani tofauti kati ya kipimo kimoja na kingine, unapungua kadiri tundu linavyopanuka: kipenyo kikiongezeka mara mbili, mtikisiko unashuka kwa nusu. Ndiyo maana karatasi za kiufundi za Kodak hutaja tundu lililotumika, mikromita 48, kabla ya kukupa namba ya mtikisiko huo. Tri-X ina 17, T-Max 100, filamu nyingine ya Kodak, ina 8. Namba hizo bila tundu hazina maana yoyote.

Jambo la pili ni mahali chembe zinapokaa. Kwenye chapa ya filamu zinaonekana zaidi katika kijivu cha kati: ngozi, anga lenye mawingu, ukuta wa chokaa uliopigwa na kivuli. Kwenye weusi uliokolea zinazama, kwenye weupe mtupu hazipo. Chenga, yaani vidoa vinavyozalishwa na kihisi cha dijitali, zina tabia nyingine. Zinajificha kwenye mwanga na kujitokeza gizani, hasa ukiinua vivuli wakati wa kuhariri, tena zikija na madoa ya rangi nyekundu na kijani ambayo hakuna filamu ya nyeusi na nyeupe iliyowahi kuyatoa. Anayepandisha ISO, kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga, hadi 12800 akidhani atapata sura ya filamu, anapata chenga tu.

Chukua picha ya bibi harusi mwenye shela jeupe, amesimama na bwana harusi mwenye suti nyeusi. Ifungue Photoshop, nenda moja kwa moja kwenye Add Noise, weka asilimia 12. Programu itafanya ulichoiagiza: itabadilisha kila pikseli kwa kiwango kile kile, bila kujali ni shela au suti. Suti itaonekana imemwagikiwa unga. Shela litakuwa chafu. Uso, ambao ndio ulihitaji chembe, utakuwa na vidoa vikali vya pikseli moja moja, maana kila pikseli imepewa namba yake bila kumwuliza jirani. Chembe za filamu zina ujirani: zinagusana, zinafanya vikundi.

Njia ya mafundi wa siku nyingi ni bora zaidi, na haihitaji kununua chochote. Unatengeneza tabaka jipya juu ya picha, unalijaza kijivu cha asilimia 50, unaliweka kwenye modi ya Overlay, namna mojawapo ya kuchanganya tabaka na picha iliyo chini yake. Kijivu hicho katika modi hiyo hakibadilishi kitu, picha inabaki ilivyo. Ndani ya tabaka hilo ndipo unapoweka Add Noise, ukichagua Gaussian na Monochromatic, kisha unalififisha kwa Gaussian Blur ya nusu pikseli hadi pikseli moja ili vidoa vishikane. Uzuri wake uko kwenye hesabu ya Overlay: pale picha ya chini ilipo nyeusi kabisa au nyeupe kabisa, tabaka la juu halina nguvu, na nguvu yake inakuwa kubwa zaidi kwenye kijivu cha kati. Yaani bila wewe kuchora barakoa yoyote ya kukinga sehemu za picha, suti inabaki nyeusi, shela linabaki jeupe, na chembe zinakaa usoni. Si filamu. Ni mkaribiano wenye adabu, na kwa kazi tisa kati ya kumi unatosha.

Adobe walipoongeza chembe kwenye Lightroom 3, programu yao ya kuhariri picha, mwaka 2010 walitoa vitelezi vitatu: kiasi, ukubwa, na ukwaruzo. Watu wengi wanakishika cha kwanza na kuviacha viwili vilivyobaki. Kwangu mimi cha pili ndicho chenye maana, na ndicho kinachofichua asiyejua. Ukubwa wa chembe hautokani na ladha. Unatokana na aina ya filamu, ukubwa wa negativi na kiasi ilivyokuzwa. Filamu ile ile ikipigwa kwenye kamera ya 35mm na kwenye kamera yenye fremu ya sentimita 6 kwa 6, kisha zote zikachapwa kwa ukubwa mmoja, ya kwanza itaonyesha chembe zaidi kwa sababu imekuzwa zaidi. Hakuna kingine.

Tuirudie ile hesabu kwa mtandao. Instagram inaonyesha picha kwa upana wa pikseli 1080 hivi. Fremu ya milimita 36 ikigawanywa kwa 1080, kila pikseli inafunika mikromita 33 za filamu. Tundu limepanuka mara tano na nusu kulinganisha na ile iskani ya pikseli 6000, na kwa kanuni ya Selwyn mtikisiko umeshuka kwa kiasi hicho hicho. Tri-X halisi, iliyosafishwa vizuri na kuiskaniwa vizuri, ikifika kwenye simu yako inakuwa na chembe hafifu sana, za kutafutwa kwa jicho. Zile chembe nene kama mchele unazoziona kwenye simu, zikiitwa "mwonekano wa filamu", zingehitaji kipande kidogo cha negativi kilichokatwa na kukuzwa kupita kiasi. Anayependa hivyo apende, ni picha yake. Asituambie tu kwamba ni mwonekano wa Tri-X.

Na hili linagusa mtindo wa hapa kwetu wa kuzipa picha za harusi na za send-off sura ya "enzi za bibi", rangi ya kahawia juu na chembe tele chini yake. Fungua albamu ya familia yoyote yenye picha za studio za zamani, zile za pazia lililochorwa na kiti cha mbao. Nyingi ni laini ajabu. Negativi zilikuwa kubwa, chapa zilikuwa ndogo kutosha kuingia kwenye bahasha, na fundi alikuwa na taa za kutosha kutumia filamu ya kasi ndogo. Uzee wa picha zile uko kwenye karatasi iliyopauka, kona zilizokunjika, fedha iliyong'aa kingoni, alama ya kidole cha mtu. Chembe nyingi tunazozikumbuka kama "zamani" zilitoka kwenye picha za habari, na hata huko tunachanganya: zile nukta zilizopangwa kwa mistari kwenye picha za gazeti ni za uchapaji, wala hazina uhusiano na filamu.

Picha za habari zilikuwa na chembe kwa sababu mwandishi alihitaji kasi. Tri-X ilipoanza kuuzwa kwa kamera za 35mm mwaka 1954, iliwawezesha watu kupiga ndani ya ukumbi bila flashi. Fuwele kubwa hunasa mwanga mwingi, na chembe ndiyo bei yake. Hakuna aliyeitamani bei hiyo, isipokuwa wachache kama Daido Moriyama na wenzake wa jarida la Provoke huko Tokyo mwishoni mwa miaka ya 1960, waliokoleza ukwaruzo kwa makusudi. Viwanda vyenyewe vilipigana nazo miaka yote. Mwaka 1986 Kodak walileta T-Max yenye fuwele bapa ili chembe zipungue bila kupoteza kasi. Aliyeshinda vita hiyo ni kihisi, kisha mshindi akaanza kuigiza aliyeshindwa. Fujifilm, wanaotengeneza filamu na kamera zote mbili, waliweka uigaji wa filamu yao ya Acros kwenye kamera ya X-Pro2 mwaka 2016, na chembe zake hubadilika kulingana na ISO na kulingana na sehemu ya picha. Angalau hao wanajua wanaiga nini.

Jaribio ninaloliheshimu zaidi ni la watafiti wa Ufaransa. Mwaka 2017 Alasdair Newson, Julie Delon na Bruno Galerne walichapisha njia isiyoongeza chembe juu ya picha hata kidogo. Wao wanaichukua picha ya dijitali kama maelezo ya mwanga tu, kisha wanaijenga upya: visahani vidogo vinatupwa ovyo kwenye uwanja, vingi au vichache kulingana na mwanga wa mahali hapo, vikipandana kama fuwele. Kijivu kinazaliwa na visahani vyenyewe. Ukikuza matokeo unaendelea kuona chembe, ukikuza zaidi unaona kisahani kimoja kimoja, cheusi au cheupe, bila kijivu popote. Ni polepole, hesabu zake ni nzito kwa kompyuta ya kawaida, na huwezi kumkabidhi mteja anayesubiri picha jioni. Lakini kimantiki ndiyo njia iliyonyooka. Mengine yote, pamoja na ile ya Overlay niliyoisifu, ni njia za mkato.

Upande wa video mambo yamechukua sura ya ajabu, na unamgusa yeyote anayenunua bando. Chembe ni adui wa kubana faili. Programu ya kubana hutafuta vinavyojirudia kati ya fremu na fremu, na chembe hazijirudii kamwe, kwa hiyo hula data kuliko hata sura ya mwigizaji. Mfumo wa kubana video wa AV1, uliotoka mwaka 2018, una dawa yake: chembe zinatolewa kwenye filamu kabla ya kuituma, filamu safi inabanwa, na pembeni zinatumwa namba chache zinazoeleza tabia ya chembe zilizotolewa. Simu au televisheni yako inatengeneza kipande cha chembe cha pikseli 64 kwa 64, inachota humo vipande kwa bahati nasibu, inavipandisha juu ya picha kwa nguvu inayolingana na mwanga wa kila sehemu. Netflix walitangaza mwaka 2025 kwamba wameanza kuutumia kwa upana. Chembe unazoziona sebuleni hazikuwahi kuwa kwenye filamu ile. Ni ndugu zao waliozaliwa kwenye televisheni yako. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Aliyeandika mfumo aliheshimu kipimo na mwanga, akaokoa data, na mtazamaji amepata sura iliyokusudiwa na mwongozaji. Linganisha na picha uliyoitia chembe kwa saa nzima kisha ukaituma WhatsApp: inabanwa kwa miraba ya pikseli 8 kwa 8, chembe zote zinageuka uji, na saa yako imekwenda. Kama picha inakwenda WhatsApp, tuma kama waraka au usijisumbue.

Zipo kazi ambazo chembe bandia ni wajibu. Anayerekebisha picha ya kale iliyochanika na kujaza tundu kwa rangi laini ameacha kiraka kinachoonekana toka mlangoni. Lazima kiraka kipewe chembe za jirani zake, kwa ukubwa ule ule. Mafundi wa sinema wanaoingiza gari la kompyuta kwenye mandhari iliyopigwa kwa filamu hufanya hivyo kila siku. Anga la jioni kwenye faili ya biti 8, yenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, hukatika mistari mistari. Chembe kidogo zinaificha mikatiko hiyo. Uso uliolainishwa na simu hadi ukawa plastiki, huo nao unarudishiwa utu kidogo, ingawa ingekuwa afadhali usingelainishwa.

Katika kazi hizo zote, mpangilio ni mmoja na hauna mjadala: punguza picha kwanza hadi ukubwa wa mwisho, inolee, yaani iongezee ukali wa kingo, halafu ndipo uweke chembe. Ukiweka chembe kwenye faili ya pikseli 6000 na kuipunguza baadaye, umezifuta. Ukizinolea, umezigeuza changarawe. Na faili ya kuchapa kwenye turubai la mita moja si faili ya kupakia mtandaoni. Kila moja ipate chembe zake, na faili safi ihifadhiwe bila kuguswa.

Ninapokataa kabisa ni kwenye habari na kumbukumbu. Aprili 2023 Boris Eldagsen, msanii wa Ujerumani, alikataa tuzo aliyopewa katika Sony World Photography Awards kwa picha ya wanawake wawili, nyeusi na nyeupe, yenye sura ya miaka ya 1940. Picha ilitengenezwa na akili unde, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Sidhani ni bahati kwamba alichagua sura ya zamani. Sura hiyo inaombewa msamaha mapema: mkono uliopinda, jicho lisiloeleweka, vyote tunavisingizia umri wa filamu. Chembe zina kazi nyingine pia ambayo wapakiaji wengi hawaijui. Kila kihisi kina alama yake ya kudumu ndani ya chenga zake, na wachunguzi huitumia kuihusisha picha na kamera iliyoipiga. Ukitandaza chembe bandia juu yake unaufanya uchunguzi huo kuwa mgumu, hata kama nia yako ilikuwa urembo tu.

Kwa hiyo mhariri anayeletewa picha ya maandamano, au picha "iliyopatikana" ya mwaka 1964 ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na ikawa imejaa chembe nene zilizosambaa sawasawa kuanzia weusi wa nywele hadi weupe wa kanzu, aanze kwa kuomba negativi. Negativi ikikosekana, aombe faili ya kwanza kutoka kwenye kamera. Vyote viwili vikikosekana, ukurasa huo una matumizi mengine.